Mkwe anatushauri tusiutaje moyo wa Mzee kwenye fomu ya bima ya safari

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 72 na mume wangu ametimiza miaka 77. Binti yetu wa kwanza, anayeishi katika mojawapo ya nchi za Ulaya zilizomo katika eneo la Schengen, yaani nchi zinazotumia viza moja ya pamoja, ametualika tukakae naye kwa siku 85 ili tumwone mjukuu ambaye mpaka leo tunamjua kwa picha na sauti tu. Tukijaliwa tutaondoka baada ya wiki kumi kuanzia leo. Tiketi bado hatujazilipia, kwa sababu jambo la bima limetugawa nyumbani, nalo ndilo linalonifanya nikuandikie.

Mume wangu ana shinikizo la damu la miaka mingi, na miaka minne iliyopita aliwekewa stenti, yaani kijibomba cha kuuzuia mshipa usizibe, katika mshipa mmoja wa moyo. Tangu hapo hajalazwa kwa ajili ya moyo, hutembea kila asubuhi na hunywa dawa zake bila kukumbushwa. Wiki sita zilizopita daktari alimpunguzia kipimo cha dawa moja ya presha kwa kuwa alikuwa akipata kizunguzungu kila anaposimama. Mimi nina kisukari cha vidonge, si cha sindano. Sote wawili tuna bima ya afya tuliyoipata kupitia kazi ya mume wangu kabla hajastaafu, na tunaendelea kuilipia wenyewe.

Bima hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Mwaka juzi tulisafiri kwenda msibani katika mkoa mwingine, ndani ya nchi yetu wenyewe, na usiku wa pili mume wangu akashikwa na nimonia. Hospitali ya karibu iliitazama kadi yetu, ikasema haimo katika orodha ya hospitali zinazohudumia bima hiyo, ikatutaka tulipe taslimu kabla hajapewa kitanda. Tulichanga, tukalipa, akalazwa siku sita. Tuliporudi nyumbani nilipeleka risiti, ikiwa ni siku ya tisa tangu alazwe, nikajibiwa kwa barua ya mistari minne kwamba dai limekataliwa kwa kuwa mkataba unataka kampuni ijulishwe ndani ya saa 48. Sikujua kama kuna saa 48. Mkataba huo tulikabidhiwa zamani, na sikuwahi kuusoma mpaka siku ile.

Sasa mkwe wetu, mume wa binti wa pili, ndiye anayetushughulikia makaratasi ya viza, tena kwa moyo mwema kabisa. Amepata bima ya safari ya bei nafuu ambayo, kwa maelezo yake, ubalozi unaikubali. Fomu yake ina ukurasa mzima wa maswali ya afya, naye ametushauri tujibu “hapana” kila mahali, kwani tukiutaja moyo wa Mzee ada itapanda maradufu au tutakataliwa kabisa, na viza nayo itakwama. Anasema stenti ya miaka minne si ugonjwa tena, ni ugonjwa uliokwisha kutibiwa. Binti yetu wa Ulaya naye anasema tusihangaike, kwa kuwa huko mgonjwa hafukuzwi hospitalini na familia yake yote ina bima. Kaka yangu mwenye miaka 74, anayeishi Marekani na atakayekutana nasi hukohuko kwa siku zote hizo, anasema yeye ana Medicare pamoja na bima ya nyongeza, hivyo hahitaji kitu kingine. Mume wangu anasema kampuni za bima hupenda vijana wasiougua, na kwamba fedha hiyo afadhali tuiweke akiba na kumwachia Mungu yaliyobaki.

Naomba uniambie, je, bima tuliyo nayo itatufaa tukiwa huko? Hii ya viza inatosha? Na nimjibuje mkwe wangu bila kumvunjia heshima?

Mama Mwenye Safari

*

Mama mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya Mzee naomba umfikishie.

Nitaanza na fomu ingawa wewe umeiuliza mwishoni, kwa sababu majibu ya maswali mengine yote yanaiegemea. Tafadhali msiijaze “hapana” kila mahali. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza, nikisoma madai ya matibabu ya wasafiri, na madai yaliyonihuzunisha kuliko yote yalikuwa ya watu wa umri wenu ambao waliugua kweli, walitibiwa kweli, walilipa ada yao yote, kisha wakakosa fidia kwa sababu ya alama moja ya vema iliyowekwa mahali pasipo pake na kijana aliyetaka kuwarahisishia wazazi wake.

Mkwe wako huenda anadhani kwamba kampuni ikiuza bima leo bila kuuliza zaidi, basi imekwisha kuridhika. Sivyo inavyokwenda. Kampuni nyingi hazichunguzi chochote siku ya kuuza. Huchunguza siku ya dai. Mzee akilazwa huko kwa maumivu ya kifua, jambo la kwanza atakaloulizwa na daktari ni kama amewahi kupata tatizo la moyo na anatumia dawa gani, naye itambidi aseme ukweli wote, kwa kuwa daktari asiyejua kwamba mgonjwa ana stenti na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kumdhuru. Ukweli huo utaandikwa katika faili la hospitali, na faili hilo litatumwa kwa kampuni ya bima pamoja na hati ya gharama. Wakati huohuo kampuni itaomba kumbukumbu za daktari wake wa nyumbani, jambo ambalo nyinyi wenyewe mtakuwa mmeliruhusu kwa kutia saini fomu ileile. Hapo “hapana” ya kwenye fomu na “ndiyo” ya kitandani zitakaa kwenye meza moja.

Kinachofuata ni kibaya kuliko watu wanavyodhani. Hasara haiishii kwenye moyo peke yake. Katika mikataba mingi kampuni ikithibitisha kwamba ilidanganywa katika jambo zito, inaweza kuufuta mkataba wote tangu siku ya kwanza, kiasi kwamba hata Mzee akiteleza kwenye ngazi na kuvunjika nyonga, jambo lisilohusiana kabisa na moyo, hakutakuwa na wa kulipa. Kanuni hii ya kumtaka mwenye kukata bima aseme ukweli wote ni ya kale. Jaji Mansfield wa Uingereza aliieleza mwaka 1766 katika kesi ya Carter na Boehm, kwa hoja kwamba mambo yanayopima ukubwa wa hatari kwa kawaida huwa yanajulikana na mwenye kukata bima peke yake, na mwenye kuuza hana budi kumwamini. Nchi kadhaa zimeilegeza kanuni hiyo siku hizi ili kumlinda mteja aliyekosea bila kukusudia, lakini kujibu “hapana” kwa kushauriana kifamilia si kukosea bila kukusudia.

Na stenti si ugonjwa uliokwisha, angalau kwa lugha ya bima. Ugonjwa uliokuwapo kabla, katika mikataba mingi, ni hali yoyote ambayo mtu amewahi kuugua, kutibiwa, kuandikiwa dawa au kushauriwa kuifanyia vipimo katika muda uliotajwa, na maadamu Mzee anaendelea kunywa dawa kwa ajili ya moyo na presha, hali hizo zipo. Kisukari chako pia kipo, hata kikiwa kimetulia.

Sasa niingie katika jambo ambalo wewe umeligusa kwa kupita tu, nami naliona kuwa ndilo zito kuliko yote katika barua yako, yaani kile kipimo cha dawa kilichopunguzwa wiki sita zilizopita. Kampuni zinazokubali kubeba magonjwa yaliyokuwapo kabla kwa wazee huweka sharti la utulivu. Zinataka ugonjwa uwe umetulia kwa muda fulani kabla ya safari, mara nyingi siku 90 au 180, na hapo kutulia kuna maana yake ya kimkataba, si ile ya kawaida tunayoitumia nyumbani. Mgonjwa aliyetulia ni yule ambaye katika muda huo hakupata dalili mpya, hakulazwa, hakuongezewa dawa, hakubadilishiwa kipimo cha dawa aliyokuwa nayo, wala hasubiri majibu ya uchunguzi. Katika mikataba mingi kupunguziwa dawa huhesabika kuwa badiliko sawasawa na kuongezewa. Mzee alijisikia nafuu baada ya kupunguziwa, nanyi mkafurahi, na kwa macho ya daktari ni habari njema. Kwa macho ya mkataba wa namna hiyo, saa ya utulivu ilianza kuhesabiwa upya siku ile.

Tupige hesabu pamoja. Tangu badiliko lile zimepita siku 42, na mpaka mnapotarajia kuondoka zimebaki siku 70, jumla siku 112. Mkataba unaodai utulivu wa siku 90 kabla ya kuondoka utamkubali Mzee, ilimradi asibadilishiwe tena dawa hapa katikati. Unaodai siku 180 hautamkubali, mpaka muisogeze safari mbele kwa siku nyingine 68. Zipo pia kampuni zinazohesabu kurudi nyuma kuanzia siku ya kununua bima badala ya siku ya kuondoka, na kwa hizo hesabu yenu ni fupi zaidi. Kwa kuwa tiketi hamjazilipia, mna nafasi ambayo wasafiri wengi hawana, ya kulinganisha mikataba kwanza na kuchagua tarehe baadaye. Mwombeni daktari wa Mzee awaandikie barua yenye tarehe ya stenti, majina ya dawa na vipimo vyake, tarehe ya kila badiliko na sababu yake, pamoja na maoni yake kama mgonjwa anafaa kusafiri kwa ndege. Barua hiyo iambatanishwe na fomu, na nakala ibaki kwenu. Ila nisieleweke vibaya: Mzee akihitaji kubadilishiwa dawa kesho, abadilishiwe kesho hiyohiyo. Bima haistahili kuamua kipimo cha dawa ya mtu.

Mkishasema ukweli, majibu ya kampuni yatakuwa ya aina chache. Inaweza kuwakubali kwa ada ya kawaida, kuwakubali kwa ada iliyoongezwa, kuwakubali huku ikiuweka moyo nje ya mkataba, au kuwakataa kabisa. La kwanza kwa Mzee silitarajii. La pili ndilo ninalowaombea. La tatu lina mtego wake, kwa kuwa mtu hupokea cheti chenye jina lake na muhuri, akafurahi, kumbe ugonjwa ambao una uwezekano mkubwa wa kumpata ndio uliotengwa. Likitokea hilo, msinunue kabla ya kutafuta kampuni nyingine zinazohudumia wasafiri wazee au wagonjwa wa kudumu hasa, kwani zipo, na kukataliwa na moja si kukataliwa na zote.

Kuhusu bima ya viza, mkwe wako yuko sahihi kwa sehemu, na ni vizuri umwambie hivyo. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 inamtaka mwombaji wa viza ya muda mfupi awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, inayokubalika katika nchi zote za Schengen kwa siku zote za kukaa kwake, na inayogharimia matibabu ya haraka, matibabu ya dharura hospitalini, kurudishwa nyumbani kwa sababu za kitabibu, na kifo. Afisa wa ubalozi hukagua mambo hayo. Kanuni haisemi kwamba bima hiyo lazima ibebe ugonjwa uliokuwapo kabla, na bima nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa ajili ya viza hazibebi, au huubeba kwa kiasi kidogo cha kumtuliza mgonjwa tu. Hivyo cheti kile kinaweza kuwapitisha mpakani kisha kikawa hakina kazi yoyote Mzee akibanwa na kifua. Hofu ya mkwe kwamba kuutaja moyo kutakwamisha viza naielewa, lakini ubalozi huangalia kama mna cheti chenye masharti hayo, na kampuni iliyowakubali kwa ada ya juu hutoa cheti kilekile.

Kiasi chenyewe pia kitazameni. Euro 30,000 ni sakafu, si dari. Siku chache katika chumba cha wagonjwa mahututi, zikifuatiwa na kusafirishwa kwa ndege akiwa na daktari pembeni, zinaweza kuimaliza yote. Kwa mtu wa miaka 77 mwenye stenti ningetafuta mkataba wenye ukomo wa juu zaidi, kisha nitazame kama una kipengele kinachopunguza ukomo huo kwa sababu ya umri, maana kampuni nyingi hufanya hivyo kuanzia miaka 70, 75 au 80 na kuliandika katika kurasa za nyuma. Tazameni vilevile idadi ya siku, kwa kuwa bima za safari za mwaka mzima mara nyingi huruhusu siku 30 hadi 60 tu kwa kila safari, nanyi mnahitaji 85. Viza ya muda mfupi ya Schengen haizidi siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa hiyo mmejiachia siku tano tu za dharura. Ulizeni kama bima hujiongeza yenyewe iwapo mgonjwa atakuwa kitandani siku ya kurudi itakapofika.

Bima yenu ya nyumbani sina mkataba wake mkononi, lakini iliyoshindwa kuvuka mkoa siitarajii ivuke bahari. Bima za namna hiyo hujengwa juu ya orodha ya hospitali zilizokubaliana nayo bei, na nje ya orodha hulipa dharura peke yake, tena kwa masharti. Zipo zinazorejesha sehemu ya gharama za nje kwa kiwango cha bei za nyumbani, kama mfumo wa bima ya taifa wa Japani unavyofanya kwa wanachama wake wanaougua nje, na tofauti ya bei humwangukia mgonjwa. Wapigieni simu, kisha muombe jibu kwa maandishi. Jibu la mdomo la mhudumu wa simu halijawahi kunisaidia kulipa dai la mtu.

Binti yako anasema kweli kwamba mgonjwa wa dharura hatafukuzwa. Atatibiwa, kisha hati ya gharama itafuata nyumbani kwa binti, kwa kuwa yeye ndiye mwenye anwani inayojulikana, na huenda ndiye aliyetia saini barua ya mwaliko ya kuwadhamini. Bima yake inahusu wale walioandikishwa ndani yake, na kwa kawaida wazazi waliokuja kutembea si miongoni mwao. Hata ile Kadi ya Bima ya Afya ya Ulaya ambayo watu wa huko hutembea nayo kutoka nchi moja hadi nyingine ni haki ya waliomo katika mifumo ya bima ya nchi hizo. Tena kwao wenyewe haigharimii hospitali za binafsi wala safari ya kurudishwa nyumbani.

Kaka yako naye apigiwe simu leo, kwani nadhani yeye ndiye aliye hatarini zaidi kwa kuwa ana uhakika. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wenye miaka 65 na zaidi, kwa kawaida hailipi matibabu nje ya nchi hiyo. Inayo mianya michache, kama vile mtu kupatwa na dharura akiwa ndani ya Marekani ilhali hospitali ya nchi jirani ndiyo iliyo karibu zaidi, au akiwa anapita Kanada kwa njia ya moja kwa moja kati ya Alaska na jimbo lingine. Kumtembelea mpwa wake Ulaya hakumo. Dawa atakazonunua huko pia hazitalipwa na sehemu ya Medicare inayohusu dawa. Kama nyongeza aliyo nayo ni mojawapo ya zile ziitwazo Medigap, mipango yake kadhaa, ukiwemo wa G na wa N, hulipa asilimia 80 ya dharura za nje baada ya yeye kujilipia dola 250 za kwanza, kwa ukomo wa dola 50,000 za maisha yake yote, na kwa sharti kwamba dharura ianze ndani ya siku 60 za kwanza za safari. Yeye atakaa siku 85. Kwa hiyo siku 25 za mwisho hatakuwa na kinga yoyote, na sidhani kama analijua hilo. Kama badala yake yumo katika mpango wa kampuni binafsi uitwao Medicare Advantage, baadhi ya mipango hiyo hubeba dharura za nje na mingine haibebi, naye inambidi aulize mpango wake mwenyewe.

Nirudi kwenye usiku ule wa nimonia, kwa maana una somo ambalo barua ya mistari minne haikukufundisha. Swali la kumuuliza wakala si “Je, hili linalipwa?” pekee, ni pia “Nani atailipa hospitali usiku uleule?” Kuna bima zinazotoa barua ya dhamana moja kwa moja kwa hospitali, mgonjwa akaingia bila kutoa fedha, na kuna zinazotaka mlipe kwanza kisha mrejeshewe miezi baadaye. Zote mbili huitwa bima, na zote mbili huweza kuwa halali kwa viza, lakini kwa wastaafu wawili walio ugenini tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya ada. Chagueni ya kwanza hata ikiwa ghali. Itakuwa na namba ya simu inayopokewa saa 24, nayo ndiyo ya kupiga kabla ya kulazwa, au mara tu baada ya kulazwa kama hali haikuruhusu kusubiri. Mwenye kupiga achukue namba ya faili, jina la aliyepokea na saa ya simu, aandike. Namba hiyo iwe kwa binti, iwe kwako, na iwe katika pochi ya Mzee pamoja na orodha ya dawa zake, maana anayeanguka barabarani huanguka na pochi yake, hana mkewe pembeni wa kumsemea.

Wahudumu wa simu hiyo ndio pia wanaoruhusu mgonjwa ahamishwe. Familia ikikodi ndege kwa uamuzi wake yenyewe, kwa kawaida hairejeshewi. Vilevile, madaktari wa bima wakiona kwamba Mzee amepata nguvu za kutosha kurudi nyumbani, nanyi mkapendelea aendelee kutibiwa kulekule, mikataba mingi husitisha malipo kuanzia siku hiyo. Hili huwashtua watu kwa sababu wanadhani bima ya safari ni bima ya kutibiwa ugenini mpaka mtu apone. Kazi yake ni kumwokoa na kumrudisha. Kwa sababu hiyohiyo haitalipia vidonge vyako vya kisukari vikiisha wala kipimo cha kawaida cha damu, kwa hiyo chukueni dawa za siku zote 85 na za wiki mbili za ziada, katika mkoba wa mkononi, zikiwa na cheti cha daktari kinachotaja jina halisi la dawa badala ya jina la kibiashara, ambalo hubadilika kutoka nchi hadi nchi.

Mzee hajakosea aliposema kampuni hupenda wasiougua. Ada ya mtu wa miaka 77 ni kubwa, na akirudi salama ataona fedha imepotea. Akiba anayoipendekeza ni wazo zuri, nami ningeitenga hata mkiwa na bima, kwa ajili ya kile kiasi cha kwanza ambacho mikataba mingi humtaka mgonjwa ajilipie. Ila kama mwaka juzi mlilazimika kuchanga kwa siku sita za hospitali ndani ya nchi yenu, akiba hiyo haiwezi kuibeba hospitali ya Ulaya.

Kwa mkwe, nakushauri umwite Mzee mwenyewe aongee naye, kwa kuwa saini ya kwenye fomu ni ya Mzee, na mkwe hawezi kukasirika akiambiwa na baba mkwe wake, “Mwanangu, kazi uliyoifanya ni kubwa, lakini karatasi hii nitaijibu mimi.” Kisha mpeni kazi nyingine inayolingana na bidii yake: akusanye mikataba mitatu au minne, aitafute katika kila mmoja ile ibara ya ugonjwa uliokuwapo kabla na ile ya utulivu, awasomee kwa sauti. Nina hakika baada ya mkataba wa pili atakuwa ameacha mwenyewe kusema “hapana.”

Limebaki lile dai la nimonia. Kukataliwa mara ya kwanza si mwisho wa shauri. Iandikie kampuni barua ya kuomba uamuzi uangaliwe upya, ueleze kwamba mgonjwa aliingia kwa dharura, kwamba wewe ndiye uliyekuwa msaidizi wake pekee, na kwamba kuchelewa kwa taarifa hakukubadilisha ugonjwa wala matibabu. Ambatanisha muhtasari wa kuruhusiwa kutoka hospitalini na hati ya gharama iliyochanganuliwa. Uliza pia kwa maandishi ni ibara ipi inayoinyima kampuni hiari ya kusamehe saa 48. Wasipojibu, au wakijibu kwa mistari minne tena, nchi nyingi zina mamlaka inayosimamia kampuni za bima na kupokea malalamiko ya wateja. Malalamiko kama hayo huwa na ukomo wa muda, na miaka miwili imekwisha kupita au inakaribia, kwa hiyo barua hii iandike kabla ya kushughulikia viza, na zile risiti za awali usizitoe mkononi, wapelekee nakala.